Simile! Kwenye njia za msitu wa Amani, nani ampishe nani?

Mtembezi wa Sigi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu kidogo, asiyependa kusoma apite tu, wallahi sitamlaumu.

Mie natembeza wageni huku Amani, wilaya ya Muheza. Kazi yangu ni kutangulia mbele ya watu wanaotaka kuona kinyonga wa pembe mbili mchana na bundi wa Usambara usiku, halafu niwarudishe wote salama wakiwa na miguu yao miwili miwili. Msitu huu ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, wa kwanza wa namna hiyo nchini, kama hekta 8,380 hivi. Lakini njia zake ni kongwe kuliko hifadhi yenyewe. Ziko za Wajerumani, waliofungua kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo hapa mwaka 1902. Ziko za mashamba ya chai. Na ziko zisizo na mwaka, za bibi zetu waliokuwa wakifuata kuni na iliki.

Sasa kisa. Mwishoni mwa vuli nilikuwa napanda na Waholanzi wawili kwenye kijia chembamba, kile ambacho mkikutana wawili lazima mmoja ageuze bega. Mbele yetu kulikuwa na bibi mmoja wa kijijini na mzigo wa kuni kichwani, maana ilikuwa siku ya kuni kavu, siku wanakijiji wanayoruhusiwa kuziokota. Mara kutoka juu, kwenye kona, zikatokea baiskeli nne. Baiskeli za gia, wageni na kofia zao ngumu, wameletwa na kampuni moja ambayo siitaji. Kimya kabisa. Baiskeli nzuri haina kelele, na huo ndio ubaya wake. Wa kwanza akashika breki, tairi la nyuma likaserereka, wa pili akampanda mgongoni. Bibi akajitupa pembeni kwenye korongo.

Hakuvunjika, alhamdulillahi. Mzigo ndio uliobiringika mpaka kijitoni, kuni zote zikalowa. Yule kijana wa kwanza alishuka, uso mwekundu, anaomba radhi kwa mikono yote miwili, mara katoa noti. Bibi hakuitazama noti. Alikuwa anatazama kuni zake. Kisha akanigeukia mie, si yeye: "Mwambie mwenzio, mzigo hauna breki."

Nimelala na maneno hayo siku nyingi. Halafu mwezi uliopita kaja mtu mwingine na swali lake: ati anaweza kuleta farasi, wageni wapande kutoka Sigi huku bondeni mpaka Amani juu? Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana leo ni swali, kesho ni kibanda cha tiketi.

Mgeni mmoja aliwahi kunifundisha kanuni ya wenzetu wa Marekani, wanaichora kwenye vibao kama pembetatu. Mwenye baiskeli anampisha kila mtu. Mwenda kwa miguu anampisha farasi. Farasi hampishi yeyote. Kanuni nzuri, inashikika kichwani. Ila nimeigeuza huku na huku, bibi yule simwoni ndani yake. Wao wanamhesabu kama mwenda kwa miguu, sawasawa na mie niliyebeba darubini na chupa ya maji. Sasa huo mzigo tunauweka wapi?

Mie nasema anayebeba apite kwanza. Kabla ya farasi, kabla ya mgeni, kabla ya mie. Karibuni mnikosoe.

---

Kandambili Moja

Nakaa hapa chini kabisa na kahawa yangu. Wataalamu shukeni.

---

Fundi Spoki

Mkuu, mie fundi baiskeli Ngamiani, mwaka wa kumi na tisa sasa, kwa hiyo nitasema la upande wangu. Tanga ni jiji la baiskeli, hakuna asiyejua. Mama anaenda sokoni na baiskeli, shehe anaenda msikitini na baiskeli. Usije ukaniambia baiskeli ndiyo adui.

Tatizo ni mteremko. Sigi iko kama mita 450 kutoka usawa wa bahari, Amani juu ni 900 na ushee. Hebu ishushe hiyo tofauti kwa baiskeli ya kawaida, karia nyuma, mikungu mitatu ya ndizi juu yake. Mpira wa breki unaisugua rimu mpaka rimu inakuwa ya moto huwezi kuigusa. Ikinyesha ndiyo basi, rimu ikilowa breki hazishiki, ndiyo unaona vijana wanashusha kandambili wanakanyagia tairi. Wananiletea mipira ya breki imebaki unene wa karatasi. Namuuliza kijana, ulisimamaje? Ananijibu, "Nilipata kichaka."

Hao wageni wako wana breki za sahani, zinashika hata kwenye mvua. Kwa hiyo wao hawakukosa breki, walikosa kengele. Baiskeli ya gia inauzwa laki kadhaa huko kwao ila kengele ya elfu mbili haina! Mie baiskeli isiyo na kengele huwa siirudishi kwa mwenyewe mpaka nimemsema.

---

Binti wa Kwamkoro

Shikamooni wakubwa. Nimesoma nikamkumbuka marehemu bibi yangu.

Mnazungumzia wageni, lakini njia hizo saa kumi na mbili asubuhi ni za watoto wa shule. Mie nimepita humo miaka saba, ukungu mzito hata mkono wako huuoni vizuri. Tulichokuwa tunaogopa ni kaka zetu wenye ndizi na iliki wanaowahi gari la Muheza. Wanateremka gizani bila taa. Tulijifunza kusikiliza cheni. Baiskeli ya ndizi ina sauti yake, cheni inalia krr krr, unajua sogea kushoto. Wale wa gia kweli hawalii.

Na kupisha kwetu hakukuwa kwa kienyeji tu. Mtoto anampisha mkubwa. Anayeshuka anampisha anayepanda. Asiye na kitu anampisha aliyebeba, na anasema "pole na mzigo", hata kama hamjui. Ukimpita mama mwenye ndoo bila pole, habari itafika nyumbani kabla yako. Hakuna aliyetuandikia kibao.

---

Mbondei Ughaibuni

Nawasalimu kutoka Bristol. Nikiwa huku Jumapili natembea sana, naomba niongeze kidogo kuhusu farasi, maana kwetu wengi tunamjua farasi wa kwenye picha.

Uingereza njia za mashambani na msituni zimegawanywa kwa aina. Kuna njia ya miguu, hapo ni wewe na viatu vyako. Kuna njia ya farasi, na sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu wenye baiskeli kupita humo, kwa sharti la kuwapisha waenda kwa miguu na wapanda farasi. Yaani ruhusa na sharti vilizaliwa siku moja. Uskoti wao tangu sheria yao ya ardhi ya 2003 wanaruhusu karibu kila mahali kwa miguu, baiskeli au farasi, alimradi utumie haki hiyo kwa ustaarabu, na pikipiki hazimo. Ujerumani, kwa vile umewataja, sheria yao ya misitu inataka baiskeli na farasi wabaki kwenye barabara na njia, wasikate porini, na jimbo la Baden-Württemberg limeongeza kwamba baiskeli isiingie kwenye njia ya msitu yenye upana chini ya mita 2. Kijia chako cha kugeuza bega, mkuu, kule kisingepita.

Sasa kwa nini farasi apishwe na wote? Si kwa sababu ya heshima ya aliyekaa juu. Farasi ni mnyama anayeliwa porini, akili yake yote ni kukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Kitu kisicho na sauti kinachotokea nyuma yake, kwake ni chui. Ndiyo maana huku tunafundishwa: punguza mwendo mapema, ongea. Sema chochote, "habari za asubuhi", mradi asikie kwamba ni binadamu. Ukitoka njiani kumpisha, simama upande wa bonde, siyo juu yake mlimani, maana chui hurukia kutoka juu na yeye akishtuka mara nyingi anakimbilia mlimani. Na usijifiche nyuma ya mti kwa adabu, hapo ndipo unapomtisha zaidi.

Mie siku ya kwanza nilijificha nyuma ya mti. Mama wa watu karibu aanguke.

---

Punda wa Handeni

Hahaha Mbondei umenimaliza na huo mti.

Wakuu, kabla hamjagombania nani ampishe farasi, muulizeni huyo muwekezaji farasi wake ataishi miezi mingapi. Babu zetu wa pwani hawakuwa wajinga. Mzigo wa Bagamoyo hadi Ujiji ulibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi kwa sababu ya ndorobo, yule mbung'o. Ndorobo akimuuma farasi anampa nagana, anakonda mbele ya macho yako. Akinusurika na ndorobo kuna usubi, vile vijidudu vya jioni, vinaleta homa ya farasi ya Afrika, na hiyo farasi anaweza kuwa mzima asubuhi na maiti kesho yake. Pundamilia anaibeba bila hata kukohoa. Stanley alipotoka Bagamoyo 1871 alikuwa na farasi, walimfia safari ikiwa bado mbichi.

Huko juu penye baridi labda wangevumilia kidogo, lakini lazima uwapitishe bondeni kwanza.

Punda ndiyo mnyama wetu. Mvumilivu, haumwi ovyo, na hajawahi kumkimbia mtu maishani mwake. Shida yake moja, akisimama kwenye kijia amesimama, hapo ni wewe utakayetafuta njia nyingine. Kwa hiyo kwenye pembetatu yenu punda mwekeni juu kabisa, hata Bibi atampisha.

---

Kijana wa Zirai

Mnajadili wazungu wanne wa mwaka jana. Bodaboda zinazopita kila siku hamzioni?

---

Kandambili Moja

^ Hapo sasa.

---

Mtembezi wa Sigi

Kijana wa Zirai, umenishika pabaya. Bodaboda naiona, tena ikiniletea wageni naifurahia. Ila bodaboda unaisikia kilima kizima kabla haijafika, unapata muda wa kukaa pembeni. Na zinapita zaidi barabara ya gari. Zile zinazokatisha vijia na magunia nitarudi kwazo, sizikwepi.

Binti wa Kwamkoro, "asiye na kitu anampisha aliyebeba". Umeniandikia uzi wote kwa mstari mmoja.

---

Mnywaji wa Zigi

Habari za humu. Mie niko mjini Tanga, kazi yangu ya zamani ilikuwa mambo ya udongo na kilimo, Lushoto na Korogwe. Naomba tuitazame njia yenyewe, tuwaache waliomo.

Amani inapata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka. Njia ikishuka moja kwa moja kufuata mteremko, masika ya kwanza ni kijia, ya pili ni mfereji, ya tatu ni korongo la kumwangusha bibi wa watu. Maji hayaulizi nani alipita. Ila wapitaji hawako sawa. Kuna utafiti wa milimani Montana, Marekani, ulichapishwa 1994, walipitisha watu, farasi, pikipiki na baiskeli kwenye njia zilezile wakapima udongo uliolegea. Kwato ndizo zilizolegeza mwingi kuliko wote. Magurudumu ya baiskeli hayakuzidi miguu ya watu. Ukifikiri ni rahisi kuelewa: farasi ana kilo 400 na zaidi, na zote zimekaa juu ya kwato nne ndogo.

Lakini hapo wenye baiskeli msishangilie. Baiskeli inayofunga breki mteremkoni inachora mstari, na mstari ule maji yanaupenda kuliko kitu chochote. Nyayo ni mashimo mashimo, maji yanatuama. Mstari wa tairi ni bomba.

Dawa tunaijua tangu zamani, wakulima wa Lushoto wamefundishwa makinga maji mpaka wamechoka. Njia izunguke kilima taratibu, isikipande kifuani. Kila hatua kadhaa gogo au jiwe lilazwe kwa mshazari kuyatoa maji pembeni. Na zile njia za mkato kwenye kona, ambazo kila mtu anazipenda, watu wa msitu wazifunge kwa matawi. Hizo ndizo zinazoua kilima.

Kwa nini mie wa mjini inaniuma? Kwa sababu vijito vyenu vinaingia Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, ambalo ndilo bomba langu hapa Tanga. Mkichora mistari huko juu, mie huku naoga matope.

---

Mwenye Suluhisho

Mbona rahisi. Kila mtu achongewe njia yake. Baiskeli huku, miguu kule, farasi kule. Mmemaliza.

---

Mtembezi wa Sigi

Mkuu, nimelifikiria hilo. Jijini sawa. Msituni kila njia mpya ni kidonda. Ukifyeka mita moja na nusu kwa kilomita tano, umeingiza jua mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Na huku jua likiingia anayelifurahia wa kwanza si mti wa kwetu. Tuna mti wa kupandwa, wataalamu wanauita Maesopsis, ulianza kama mti wa mbao, hondohondo wakazipenda tunda zake, wakazitawanya msitu mzima. Kila uwazi unaoufungua yeye yuko tayari. Na kwa farasi kuna jambo lake: anakula majani Arusha, anakuja kunya mbegu zake Amani.

Halafu bibi umwambie nini? Kwamba kijia cha mama yake sasa ni cha baiskeli, yeye ana kingine kipya kilomita moja pembeni?

Nafikiri njia zisiongezwe. Zigawiwe hizi zilizopo. Vijia vyembamba vya mteremko, miguu tu, na mwenye baiskeli akitaka kupita aikokote. Barabara za mashamba ya chai na barabara ya gari, zote ruhusa. Na wanaotaka mbio wapelekwe Longuza, kwenye shamba la mitiki.

---

Fundi Spoki

Longuza umesema kweli. Nimewahi kupita na wenzangu, barabara za shamba ni pana, lori la magogo linapita, mteremko wa kawaida, unamuona mtu akiwa mbali. Ila kiangazi mtiki unamwaga majani, yale mapana kama sinia, yanafunika mawe. Nilianguka mara mbili. Ila sikumwangusha mtu.

---

Binti wa Kwamkoro

Kaka Mtembezi, naomba kuuliza. Mwenye baiskeli akitaka kupita aikokote, sawa kwa mgeni. Na kaka zetu wa ndizi? Yeye akikokota mpaka barabarani gari la Muheza limeshaondoka, ndizi zinabaki. Sheria isije ikamkamata mbeba ndizi ikamwacha mtalii.

---

Mtembezi wa Sigi

Hapo nimekaa siku mbili nikijiuliza, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Nadhani mbeba ndizi naye ana mzigo. Anaingia kundi moja na Bibi, si kundi la wanaocheza. Kwa hiyo anapita akiwa juu ya baiskeli, ila yeye na Bibi wakikutana, aliye na magurudumu ndiye anayesimama, maana yeye angalau ana mpira wa breki, hata kama ni wa karatasi. Bodaboda yenye gunia kijiani vilevile, naye anasimama na kuzima injini. Haijakaa sawasawa, najua. Yule anayeshuka gizani bila taa bado sina jibu lake, labda Fundi Spoki analo.

Tumekaa juzi na watembezaji wenzangu na wazee wawili. Tumekubaliana machache kwa sisi wenyewe, kuyapeleka kwa wakubwa wa hifadhi kuna utaratibu wake na tumeuanza. Mgeni wa baiskeli haingii kijiani siku za kuni. Kila kona kubwa anayeshuka anapaza sauti kabla hajaonekana. Tulibishana apaze nini. Mmoja akasema "hodi", mwingine filimbi, mwingine akataka honi. Mzee mmoja, aliyewahi kuwa hamali wa mkokoteni Tanga mjini enzi za mkonge, akasema nyie watoto mmesahau lugha yenu. Sokoni tulikuwa tunalia "simile, simile!" na kila mtu anajibana ukutani, Mhindi, Mwarabu, bwana mkubwa, wote.

Nimewafundisha wageni watatu wiki hii. Wanaitamka vibaya, lakini mbega walikimbia, kwa hiyo inasikika.

Bibi nilimpelekea kuni jumamosi, si hisani, ni deni. Nikamweleza habari za simile. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na wakishasema simile, watasimama?"

---

Fundi Spoki

Watasimama. Niletee hizo baiskeli zenu za kukodisha kabla ya masika, nitazame breki zote. Na kengele nafunga bure, mpira wa breki ndio unalipia. Hao vijana wa ndizi nao waje, taa za dinamo za zamani ninazo boksi zima, hakuna anayezitaka tena mjini.

---

Kijana wa Zirai

Dinamo unauzaje?

---

Fundi Spoki

Njoo Ngamiani, tutaelewana.